Vyumba vya Chini

Vicheko vilikuwa juu, na Glynis alikuwa chini.

Roy, mumewe, alikuwa amemwegesha na kiti chake cha magurudumu kwenye kona ya ngazi ya nje, mahali ambapo upepo wa bahari haukufika sana, blanketi limemfunika magoti na kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi. Juu yake, katika chumba namba arobaini na mbili, Barrie alikuwa anakaanga bekoni, kama anavyofanya kila Jumamosi ya wikendi ya muziki wa roki kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Harufu ya bekoni haina miguu, lakini asubuhi ile ilikuwa inamshinda Glynis kwa kushuka na kupanda ngazi. Mwaka jana alizipanda mwenyewe, kwa mkongojo na kwa hasira, na ndiye aliyepaka siagi mikate ya watu wote sita.

Mlango ulifunguka na Jeanette, mke wa Barrie, akachungulia juu ya ukingo wa baraza. Alikuwa amevaa gauni la kulalia, na juu yake kizibao cha jinzi kilichojaa nembo za bendi.

"Glynis! U mzima huko?"

"Mzima kabisa!"

"Husikii baridi?"

"Hata chembe!" Meno yalikuwa yanagongana.

"Roy anakuletea wako sasa hivi. Sosi nyeusi au nyekundu?"

"Jeanette, miaka yote hii unaniuliza sosi?"

"Haya, nyeusi!" Jeanette akacheka, akarudi ndani, akafunga mlango ili joto lisitoke.

Usidhani walikuwa watu wabaya. Kila mmoja wao alikuwa amewaza kushusha chai na mikate chini, ila kila mmoja aliwaza peke yake. Jeanette aliona kwamba wakishusha, itaonekana wameshusha kwa sababu ya mtu fulani, na huyo mtu ataona haya. Nev, rafiki yao mwingine, aliwaza kumbeba Glynis na kiti chake, yeye upande huu na Barrie upande ule, lakini utaanzaje kumwambia mama mzima kwamba unataka kumbeba? Carol, mke wa Nev, alijisemea kwamba Glynis akitaka atasema. Na Glynis naye, kule chini, alikuwa anajisemea kwamba wakitaka watafanya. Basi marafiki wa miaka kumi na moja wakafungua kinywa kwenye ghorofa mbili tofauti, na wote wakaona wamestahiana vizuri.

Roy alishuka na mkate uliofungwa katika karatasi ya kung'aa. Ulikuwa na uvuguvugu tu.

"Wewe umekula?" Glynis akamuuliza.

"Nimekula, nimesimama. Twende, hapa utaganda."

Chumba chao mwaka huu kilikuwa ng'ambo ya pili ya kituo, nyuma ya nyumba ya mitambo ya maji moto, kwa kuwa ndicho walichopewa walipoomba chenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti. Marram Sands ni kituo kikubwa cha mapumziko. Kutoka ngazi ya Barrie hadi mlangoni kwao zilikuwa dakika kumi na tano za kusukuma, na njia nzima upepo ulikuwa unawapiga usoni, kwa maana Januari pwani ya Lincolnshire, Uingereza, upepo hauna mahali pengine pa kwenda. Glynis alitafuna mkate wake, nao ukapoa kabisa kabla hajafika nusu.

*

Saa nane mchana bendi ya tatu ilikuwa inapanga vyombo jukwaani. Ukumbi ulinuka bia ya jana na makoti mabichi. Watu wenye viti vya magurudumu walikuwa na kichanja chao upande wa nyuma, chenye vyuma pembeni na njia ya mteremko, na sheria yake ilikuwa mtu mmoja, msindikizaji mmoja, basi.

Mhudumu wa kichanja, mama mnene mwenye kizibao cha njano, aliinama karibu na sikio la Roy. "Yeye atakunywa nini?"

"Yeye ana mdomo," akasema Glynis.

"Samahani mpenzi, sikutaka kukusumbua." Mhudumu akamgeukia, akapandisha sauti kana kwamba miguu ikikataa na masikio nayo hugoma. "UTAKUNYWA NINI?"

"Nusu ya bia nyeusi. Na sauti hiyo wapelekee jukwaani, naona wao ndio wanaihitaji."

Mama yule akacheka, na Glynis akacheka naye, lakini kidonge kile kichungu hakikushuka. Kutoka pale juu aliona vizuri mahali pao. Palikuwa upande wa kushoto, karibu na nguzo ya chuma, mstari wa pili kutoka mbele. Hapo ndipo waliposimama wote sita tangu mwaka wa kwanza. Sasa walisimama wanne, Barrie na kipara chake, Jeanette, Nev mrefu na Carol. Kati ya Carol na nguzo palikuwa na nafasi ya watu wawili. Hawakuiacha kwa makusudi, miili yao tu ilikuwa imezoea. Bendi ilipokaribia kuanza, vijana wawili wenye bia wakajipenyeza pale, na nafasi ikaisha.

"Nenda ukasimame nao," Glynis akamwambia mumewe. "Nyimbo mbili tu. Mimi siendi popote."

"Niko sawa hapa."

"Roy, hii bendi umeisubiri tangu Agosti."

"Nimesema niko sawa."

Magitaa matatu yakalipuka kwa pamoja, besi ikatetemesha vyuma vya kichanja, na watu elfu mbili wakarusha mikono. Glynis akapiga kelele na wenzake mpaka koo likamkwaruza. Hilo lilikuwa bado lake, halikuhitaji miguu. Alipogeuka amwonyeshe Roy mpiga ngoma alivyokuwa anatiririka jasho, alimkuta kidevu kifuani na mikono imelegea mapajani. Roy alikuwa amelala fofofo katikati ya makelele yale. Mama wa kizibao cha njano alimtazama, kisha akamtazama Glynis, akatabasamu kwa huruma. Glynis alitamani kichanja kimmeze.

Bendi ilipomaliza, Jeanette alipanda mteremko, akamwomba mhudumu dakika mbili tu. Alikuwa ametoka jasho, nywele zimemganda, furaha imempanda na bia mbili nazo zimempanda. Akamkumbatia Glynis kwa nguvu.

"Mpenzi, bila wewe haitakuwa sawa mwakani. Nimemwambia Barrie, tutakupigia simu kila bendi usikie."

Glynis akamtoa taratibu kifuani. "Mwakani mimi niko wapi?"

Macho ya Jeanette yakamkimbilia Roy, na Roy alikuwa bado amelala.

"Jeanette. Niko wapi mwakani?"

"Nilidhani mmeshazungumza. Roy alimwambia Barrie tangu jana. Kwamba kwenye orodha ya kesho awatoe." Uso ulikuwa unamwiva. "Mungu wangu, Glynis. Mimi na mdomo wangu."

Orodha hiyo kila mtu aliijua. Jumapili saa tatu asubuhi meza ya kuweka nafasi za mwaka ujao hufunguliwa, na asiyewahi huambulia chumba cha kubahatisha. Watu hupanga foleni tangu saa kumi na mbili na nusu, na viti vya kukunja, chupa za chai, na wengine na malapa ya chumbani. Barrie ndiye aliyekuwa akienda kwa niaba ya wote, majina sita kaandika nyuma ya karatasi ya ratiba. Hata mwaka mama yake alipofariki, aliandika majina sita.

"Hujakosa wewe," Glynis akasema. "Nenda, wanaanza."

*

Hakumgusia mpaka walipofika chumbani na Roy akawasha birika. Giza lilikuwa limeshaingia, na nyuma ya ukuta mitambo ya maji moto ilikuwa inaguruma.

"Umenifuta kwenye orodha," akasema.

Roy aliendelea kutazama birika. "Nani kakwambia?"

"Nani kanambia ndiyo hoja? Miaka thelathini na nne tumeoana, nasikia habari zangu kwa Jeanette, tena ana bia mbili kichwani."

"Nilitaka kukuepushia." Akageuka. "Nilikuona asubuhi pale chini ya ngazi, Glynis. Unakaa kwenye baridi unajichekesha. Nilikuona pale kichanjani yule mama anakufokea kama mtoto. Nikasema yanini? Tukae zetu nyumbani, tuweke muziki wetu, tule kwa starehe."

"Nani kalalamika? Mimi nimelalamika?"

"Hujalalamika. Wewe hulalamiki kamwe, na hilo ndilo baya zaidi."

"Basi usinizike kabla sijafa! Wikendi moja, Roy. Mwaka mzima ni hospitali, vidonge, na yule mtaalamu anayeninyoosha vidole vya miguu huku anasimulia habari za mbwa wake. Halafu siku tatu naambiwa mimi ni Glynis. Hizo siku tatu umempa Barrie azifute kwa kalamu!"

Birika likachemka, likajizima. Roy hakuyamimina maji. Alikaa kitandani na koti lake, akaitazama mikono yake ya ufundi, mikono iliyofungua na kufunga injini za mabasi ya Rotherham tangu akiwa na miaka kumi na sita.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi nini?"

"Nimechoka." Sauti ilikuwa ndogo mno kwa mtu mkubwa vile. "Sijakuchoka wewe, tafadhali usielewe hivyo. Nimechoka tu. Mgongo wangu umekwisha. Usiku naamka mara tatu kukugeuza, asubuhi karakana, jioni bafu. Nilidhani huku nitapumzika, na huku nako ni upepo na miteremko. Nimelala mbele ya bendi ile, Glynis. Mimi! Nikaona mwaka mwingine kama huu nitaanguka, na nikianguka mimi wewe atakushika nani?"

Glynis alikuwa ameandaa maneno makali, mengine bado yalikuwa ulimini. Akayameza. Aliona haya, na haya yenyewe haikuwa ya kiti. Mwaka mzima alikuwa amejikaza asiwe mzigo kwa watu, asimwombe Barrie, asimwombe Nev, asiwasumbue majirani. Na kila alichokataa kumwomba mtu mwingine kilikuwa kimemwangukia huyu mmoja.

"Umewahi kumwomba Nev akusaidie kusukuma?" akauliza.

"Nimwombeje? Nimwambie nini?"

"Na Nev kawahi kukuuliza?"

"Angeanzaje?"

Kisha Roy akasimama, akamtengenezea chai, akampa kikombe kwa mikono miwili kwa sababu siku hizi vidole vya Glynis navyo havikuaminika. Jioni hiyo hawakurudi ukumbini. Roy alilala na nguo zake, na Glynis alikaa macho kitandani muda mrefu akisikiliza besi ya mbali ikipigana na mitambo ya maji moto.

*

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi Glynis alishaondoka. Alijihamisha mwenyewe kutoka kitandani, kazi ya dakika kumi na tano na matusi ya kutosha, akavaa glavu za Roy za karakana na kuusukuma mlango kwa magurudumu. Roy hakushtuka. Upepo ulikuwa umelala kidogo. Alikwenda kwa vituo, taa hadi taa, na kwenye kila taa alisimama kupumzisha mikono.

Ndani ya ukumbi wa mapokezi palikuwa na watu kama arobaini. Wengi walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, na penye kiti kitupu ujue mwenyewe kaenda msalani, wala hakuna atakayegusa nafasi yake. Watu hao wanaweza kusamehe ulevi na talaka, lakini kuruka foleni hawasamehi. Barrie alikuwa wa tisa, chupa ya chai mapajani. Alipomwona Glynis mlangoni alijifanya hamnazo, akazama katika kusoma karatasi yake.

Kijana wa mapokezi alimkimbilia. "Mama, wewe usipange. Njoo mbele, tutakuhudumia wa kwanza meza ikifunguliwa."

Watu arobaini wakageuka. Hakuna aliyenuna. Nyuso zote zilikuwa na upole, na mzee mmoja mwenye ndevu za kusuka alikuwa ameshavuta kiti chake kumpisha. Glynis alikuwa hoi na mikono ilikuwa inamwaka moto. Angekubali, angemaliza kila kitu kabla Barrie hajanyanyuka.

"Nashukuru," akasema, "lakini foleni ni foleni. Tena wenzangu mmehangaika kubeba viti. Mimi changu kimekuja kwa miguu yake."

Kicheko kikapita kwenye mstari mzima. Akazungusha magurudumu, akajiweka nyuma ya mtu wa mwisho.

Barrie hakuweza tena kujificha. Baada ya muda aliacha kiti kimshikie nafasi, akaja nyuma na kipara chake kikiwa chekundu.

"Glynis."

"Barrie."

"Roy ndiye aliyeniambia."

"Najua. Na mimi uliniuliza?"

"Sikutaka kukusumbua."

"Hakuna anayetaka kunisumbua! Nimekaa chini ya ngazi zenu robo saa nagandishwa kwa adabu zenu." Aliyasema bila kupaza sauti. "Nisumbue, Barrie. Nakuomba. Na mimi naanza sasa hivi kukusumbua wewe. Mwakani nataka tukae wote chini. Vyumba vitatu vya chini, vilivyofuatana, kimoja kiwe chenye bafu langu. Na nataka wewe na Nev mshike zamu ya kunisukuma, maana Roy ataniangukia. Jana kalala mbele ya ile bendi."

"Roy kalala?"

"Kalala na mate yamemtoka."

Barrie aliangalia chini. Namba arobaini na mbili ilikuwa na baraza linaloiona bahari. Jeanette alikuwa akinywea kahawa yake pale kila asubuhi, hata mvua inyeshe, na mwaka mzima alikuwa akilizungumza baraza lile kana kwamba amelinunua.

"Siwezi kuamua peke yangu," akasema. "Lazima niwaulize wenzangu."

"Jina langu ulilifuta bila kikao."

Barrie alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akamimina chai asiinywe. Saa tatu meza ikafunguliwa na watu wakaanza kusogea. Glynis alimwona akifika wa tano, wa nne, wa tatu, akajua ndiyo imekwisha. Akajilazimisha kusoma tangazo la ukutani linalokataza kupika na gesi vyumbani, akalisoma mara mbili, asielewe neno.

Aliponyanyua macho, Barrie alikuwa wa pili na alikuwa amesimama pembeni. Alimpisha mtu. Kisha akampisha mwingine, na mwingine. Mzee wa ndevu za kusuka alimuuliza kama yuko salama. Watu walipita mbele yake mmoja mmoja, wanamshukuru bila kuamini, na yeye alisimama pale na kiti chake kimekunjwa kwapani mpaka foleni yote ikapita na Glynis akamfikia.

"Sogea basi," Barrie akasema, bila kumtazama. "Usije ukasema nimeruka."

Wakafika mezani pamoja, wa mwisho kati ya wale arobaini. Vyumba vya chini vilivyofuatana vilikuwa vimebaki safu moja tu, nyuma ya jiko kuu, dirisha likitazama mapipa ya taka.

"Mapipa," akasema Barrie.

"Mapipa," akakubali msichana wa mezani.

"Jeanette ataniua." Akajipapasa kipara, akavuta pumzi ndefu. "Andika. Vyumba vitatu, watu sita. Lakini Glynis, wa kumwambia ni wewe."

"Nitamwambia. Atalia kwanza, halafu atatafuta mapazia."

Roy aliingia wakati msichana anachapa risiti. Alikuwa mbio, nguo za jana zimekunjamana, buti hazijafungwa kamba, nywele zimesimama. "Nimeamka hupo! Nimezunguka kituo kizima! Umefikaje huku?" Bila kungoja jibu akapita nyuma ya kiti na kushika vishikio, kama alivyozoea.

"Acha," Glynis akasema. "Barrie atanisukuma."

"Barrie hajui breki."

"Atajifunza. Wewe pale wanauza chai. Kanywe."

Roy aliachia mkono mmoja, kisha wa pili. Barrie akashika vishikio kana kwamba ni vya moto, akasukuma, na papo hapo akamgongesha Glynis kwenye mguu wa meza. Akaomba radhi, akarudi nyuma, akagonga ndoo ya miavuli. Glynis alikuwa anacheka na mguu unamuuma. Mlangoni aligeuza shingo. Roy alikuwa bado amesimama palepale katikati ya ukumbi, mikono mitupu inaning'inia, hajui aiweke wapi. Kisha akaingiza mikono mfukoni, akaenda taratibu kwenye kaunta, akaomba chai, na akakaa chini kuinywa.